Wingu, Flashi na Kumbukumbu za Kijiji: Faili Lisilopanda na Diski Isiyosomeka



Mwezi Mei 2024 pwani ya Lindi ilijaribiwa mara mbili. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika pwani, mito ikafurika, na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ikakatika ndani ya Wilaya ya Kilwa. Jina la Somanga likawa linatajwa katika kila taarifa ya habari. Matope hayajakauka, tarehe 12, nyaya mbili za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu katika eneo la baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo intaneti yake ilizorota vibaya. Katika muda wa siku tisa, njia zote mbili ambazo kumbukumbu za kijiji husafiria zilikuwa zimeguswa: flashi haikuweza kupanda basi, na faili halikuweza kupanda wingu.

Kumbukumbu hizo si jambo la pembeni. Ndani ya kompyuta ya mezani iliyoko ofisi ya kijiji mna mihutasari ya mkutano mkuu, orodha ya hati za hakimiliki za kimila, hesabu za ufuta za chama cha ushirika, na daftari la kikundi cha usimamizi wa fukwe. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilikuwa vya mwanzo wilayani kupata, mwaka 2009, ithibati ya kimataifa ya FSC kwa misitu yao ya mpingo, na ithibati ya namna hiyo husimama juu ya maandishi: gogo hufuatwa kwa karatasi tangu kisiki chake msituni hadi kwa mnunuzi. Pakikosekana karatasi, gogo ni lile lile, lakini bei na imani ya mnunuzi si zile zile.

Kwa hiyo mada hii ina swali moja: kwa nini faili halipandi wingu au diski haisomeki, na mwananchi afanye nini kabla hajapoteza kilichomo?

Neno "wingu" hupoteza watu. Faili lililowekwa kwenye wingu halipo angani. Limo ndani ya kompyuta ya kampuni, aghalabu katika nchi nyingine, na limefika huko kwa kupitia mnara wa simu, kisha waya wa ardhini, kisha waya wa baharini. Programu kama Google Drive, OneDrive au Dropbox hupewa folda moja katika kompyuta ya ofisi na kuiangalia mithili ya karani mwenye bidii: kinachobadilika huku, hukibadilisha na kule. Kazi hiyo ndiyo usawazishaji. Vijana wa steshenari huiita kusinki.

Bidii ya karani huyo ndiyo pia iletayo hasara. Akiona faili limefutwa ofisini Kilwa Masoko, hulifuta kwenye wingu, na kwenye kila kompyuta nyingine iliyofungua akaunti ile ile. Virusi vya kufunga mafaili vikiingia, huyapandisha yakiwa yamefungwa hivyo hivyo. Hiyo ndiyo sababu usawazishaji hauhesabiwi kuwa nakala ya akiba, hata kama tangazo la kampuni linasema vingine. Kilichofutwa hubaki kwenye pipa la taka kwa muda tu: siku 30 kwa Google Drive na kwa OneDrive ya mtu binafsi, na siku 93 kwa OneDrive ya kazini au shuleni pale ambapo utaratibu wa kawaida haujabadilishwa. Aliyefuta kwa bahati mbaya ana muda huo, na si zaidi.

Kilwa ina mfano wake wa nakala, wa zamani kuliko kompyuta zote. Tarikh ya masultani wa Kilwa iliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na maandishi yake ya asili hayapo tena. Inajulikana leo kwa sababu ilinakiliwa kwa mikono tofauti na kuwekwa mahali tofauti: muhtasari wa Kireno ulioingia katika kitabu cha João de Barros kilichochapishwa mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyoandikwa Zanzibar mwaka 1877, ambayo imehifadhiwa London. Nakala hizo mbili hazikubaliani katika kila jina na kila mwaka wa watawala, na wanahistoria wamezibishania kwa miongo mingi. Ugomvi huo wa nakala, kwa umbo dogo, hutokea kila siku ofisini. Katibu anafungua orodha ya wanachama akiwa Njinjo bila mtandao na kuongeza majina. Mhasibu anafungua orodha ile ile Nangurukuru na kusahihisha michango. Mtandao ukirudi, OneDrive huona mafaili mawili yenye jina moja na maudhui mawili, na kwa kuwa haiwezi kuamua lipi ni la kweli, huyaweka yote, moja likiongezewa jina la kompyuta lilikotoka. Wengi hulifuta la pili wakidhani ni takataka. Lisifutwe hata moja mpaka yamefunguliwa ubavu kwa ubavu na tofauti zake kuhamishiwa katika faili moja.

Kuna mtego mwingine, na huu ndio uliowapata wengi siku nyaya zilipokatika. Kompyuta za siku hizi, ili kuokoa nafasi, huonyesha jina la faili ilhali faili lenyewe halimo. Kwenye OneDrive, pembeni ya jina pakiwa na alama ya wingu dogo la samawati, faili liko mtandaoni peke yake. Mtandao usipokuwepo, halifunguki. Alama ya tiki ya kijani ina maana nakala imo ndani ya kompyuta. Mwenye kompyuta abofye folda ya kumbukumbu kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua ibaki daima katika kifaa hicho; tiki itageuka kuwa nyeupe ndani ya duara la kijani. Google Drive nayo hutoa uchaguzi wa folda kupatikana bila mtandao. Hili lifanywe wakati bando lipo, kwani wakati wa dhoruba halifanyiki.

Sasa, faili likigoma kupanda na mtandao ukiwepo, lawama hutupiwa kampuni ya simu kwanza. Mara nyingi kosa liko karibu zaidi.

Saa ya kompyuta itazamwe. Kompyuta ya mezani ina betri ndogo ya duara, aina ya CR2032, inayotunza tarehe umeme unapozimwa. Betri hiyo ikichoka, kila umeme ukikatika kompyuta huamka ikidhani ni mwaka uliopita zamani. Kompyuta ya wingu hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta ya ofisi, ikiamini bado ni mwaka 2012, huona cheti cha leo hakijaanza kutumika, nayo hukataa kuzungumza. Kivinjari husema muunganisho si salama, programu ya wingu husema haiwezi kuingia, na mtumiaji hubadilisha nywila mara tano bure. Dawa ni kurekebisha tarehe na kununua betri nyingine. Betri yenyewe ni ya bei ya chini kuliko bando lililopotea kwa kujaribu-jaribu.

Baada ya saa, jina. Barua za serikali na za vyama hubeba kumbukumbu namba zenye mikwaju, na ni desturi njema kulipa faili jina la barua yake. Lakini Windows haikubali katika jina la faili alama ya mkwaju wa upande wowote, nukta mbili, kinyota, alama ya kuuliza, alama za mtajo, mabano ya pembe wala mstari wima. Aliyeandika kwa kompyuta ya Mac, au aliyelipa faili jina akiwa ndani ya Google Drive kwa kivinjari, huenda asikatazwe. Taabu huanza faili linapotelemka kwenye Windows, ambako ama hubadilishwa jina au hukwama njiani huku mengine yakipita. Tarehe iandikwe 2024-05-12, isiandikwe 12/5/2024. Faida ya ziada ni kwamba mafaili hujipanga yenyewe kwa kufuata miaka. Pia folda zisiingizwe ndani ya folda kama makuti ya kumbi: programu nyingi za Windows hushindwa pale jina la faili pamoja na majina ya folda zote zilizolibeba linapozidi herufi zipatazo 260.

Nafasi ni jambo la kuhesabu tu. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, na humo hugawana barua pepe, mafaili na picha kwa pamoja. OneDrive ya bure ina 5. Picha za harusi katika simu ya katibu zinaweza kabisa kuzuia muhtasari wa kijiji usipande, na akaunti ya Google ikijaa, hata barua pepe mpya huacha kuingia. Tena OneDrive husimama yenyewe pale kompyuta inapoambiwa kwamba intaneti inayotumika ni ya kupimwa, kama ile ya simu, au betri ya kompyuta ya mkononi ikiwa katika hali ya kubana matumizi. Hapo programu haijaharibika. Inamwonea huruma mwenye bando. Ibofywe alama yake chini kulia mwa skrini, na itaeleza kwa nini imesimama.

Hayo ni ya wingu. Ya diski na flashi yana ukali zaidi, kwa sababu kosa lake hukamilika kwa kubofya mara moja.

Diski yoyote, kabla haijapokea mafaili, hugawanywa na kupewa mpangilio, kama daftari linavyopigwa mistari na nambari za kurasa. Mpangilio huo ndio fomati. Kompyuta isiyoujua mpangilio huona karatasi tupu, ingawa zimejaa maandishi. FAT32 ni miongoni mwa zinazotumika sana, na karibu kila kifaa huisoma: redio ya gari, televisheni ya zamani, king'amuzi, mashine ya steshenari. Kasoro yake ni kwamba haipokei faili moja lenye gigabaiti 4 au zaidi. Video ya mkutano mkuu ikirekodiwa saa mbili kwa ubora wa juu inaweza kupita hapo, na mwenye flashi ya gigabaiti 32 iliyo tupu huambiwa faili ni kubwa mno. Flashi haijaharibika, wala mwenye duka hakuuza bandia. Fomati ndiyo iliyofika mwisho wa uwezo wake.

Microsoft ilileta exFAT mwaka 2006 kwa ajili ya flashi na kadi. Mpaka huo wa gigabaiti 4 haupo, na husomwa na kuandikwa na Windows, na Mac, na Linux za miaka ya karibuni. Kadi za kumbukumbu zinazozidi gigabaiti 32 huja nayo kutoka kiwandani. NTFS nayo, iliyotoka mwaka 1993, ndiyo ya Windows yenyewe. Mac huisoma lakini kwa kawaida haiandiki ndani yake, na kwa hiyo mgeni mwenye Mac huweza kuchukua ramani ya msitu kutoka diski ya kijiji na asiweze kurudisha iliyosahihishwa. Diski iliyotayarishwa kwa fomati za Mac pekee haisomeki kabisa kwenye Windows ya kawaida.

Kwa pwani hii, jambo la kupima ni umeme. NTFS hutunza daftari dogo la kila kazi inayoendelea, ili umeme ukikatika katikati ya kuandika, kompyuta ikiamka ijue ilipoachia. FAT32 na exFAT hazina daftari hilo. Kukatika kwa umeme, au kuchomoa flashi kwa pupa kabla ya kuiaga kompyuta, huweza kuvuruga orodha nzima ya mafaili. Uamuzi wa busara basi ni huu: diski isiyoondoka ofisini iwe NTFS, na flashi inayosafiri baina ya ofisi, steshenari na Halmashauri iwe exFAT, au FAT32 ikiwa itachomekwa katika vifaa vya zamani. Zaidi ya hayo, OneDrive ya Windows hukataa kuweka folda yake katika diski isiyo NTFS. Aliyeona kompyuta imejaa akaamua kuihamishia folda ya OneDrive kwenye diski ya exFAT, atagonga ukuta huo huo kila akijaribu.

Kisha lipo lile dirisha. Flashi inachomekwa, na Windows inasema kwamba ni lazima diski ifomatiwe kabla ya kutumika, ikiuliza kama ifanye hivyo sasa. Maneno hayo hayana maana kwamba diski ni tupu. Yana maana kwamba kompyuta hii haikuielewa: pengine fomati ni ya Mac, pengine orodha imevurugika, pengine tundu lina kutu ya chumvi. Anayebofya kukubali huagiza mistari mipya ipigwe juu ya maandishi ya zamani. Ibofywe kughairi, flashi iondolewe, ijaribiwe katika tundu lingine, kisha katika kompyuta nyingine, ikiwezekana ya aina nyingine. Ikisomeka popote, mafaili yanakiliwe yote hapo hapo, ndipo yazungumzwe mengine. Isiposomeka popote, isiandikiwe kitu chochote, maana kila kinachoandikwa kinaweza kukaa juu ya kile kinachotafutwa.

Yupo pia anayefungua flashi na kuona kila folda imegeuka kuwa mshale mdogo. Hiyo ni kazi ya virusi vya mashine za kuchapia: folda za asili zimefichwa tu, zimo bado, na anayebofya mishale hueneza ugonjwa. Atumie programu ya kuua virusi, kisha aonyeshe mafaili yaliyofichwa. Kuhusu flashi ziuzwazo kwa bei ya kutupa zikijitangaza kuwa na terabaiti 2, inatosha kusema kwamba nyingi zina nafasi ndogo mno, na husema uongo mpaka zijae. Mafaili yaliyozidi hupotea kimya kimya.

Kubadili fomati bila kupoteza kitu kunawezekana kwa njia moja tu rahisi: Windows ina amri iitwayo convert inayoigeuza FAT32 kuwa NTFS mafaili yakiwa ndani. Haifanyi hivyo kwa exFAT, wala hairudi nyuma. Kwa mabadiliko mengine yote diski hunakiliwa mahali pengine kwanza, hufomatiwa, kisha mafaili hurudishwa. Na hata kwa convert, nakala itangulie.

Limebaki suala la mwenye akaunti. Katika vikundi vingi wingu hufunguliwa kwa barua pepe binafsi ya katibu, kwa nia njema. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 ulibadilisha viongozi katika vijiji kadha wa kadha nchini, na katika makabidhiano hukabidhiwa muhuri, madaftari na funguo, nywila husahaulika. Google, tangu Desemba 2023, inaweza kuifuta akaunti ya mtu binafsi isiyoguswa kwa miaka 2, pamoja na vyote vilivyomo. Katibu aliyehama akiiacha akaunti yake, kumbukumbu za kikundi humfuata kimya, halafu hutoweka. Kikundi kiwe na akaunti kwa jina lake, namba ya simu ya kuirejesha iwe ya kiongozi aliye madarakani, na nywila iandikwe katika hati ya makabidhiano ndani ya bahasha iliyofungwa.

Tena orodha za wagonjwa, za wanufaika au za wanafunzi si mali ya kupandishwa kwenye akaunti ya yeyote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo humdai anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Mtumishi wa umma atumie mifumo na barua pepe za Serikali. Flashi yenye taarifa hizo ifungwe kwa nywila, na isichomekwe katika mashine ya kuchapia ya mtaani.

Kwa kijiji au kikundi chenye kompyuta moja, utaratibu usio na gharama kubwa ni huu: faili liwe ndani ya kompyuta, liwe kwenye wingu, na kila Ijumaa linakiliwe kwenye diski ya nje ambayo haikai ofisini wala haibaki imechomekwa. Diski iliyoachwa imechomekwa hushikwa na radi ile ile na virusi vile vile. Kwa wakazi wa Songo Songo na Kilwa Kisiwani, diski inayovuka maji isafirishwe ndani ya mfuko uliofungwa usiopitisha maji, na isiwe nakala pekee. Ikitumbukia baharini, isichomekwe kwenye kompyuta kujaribiwa, kwa kuwa umeme ukikutana na maji ya chumvi huunguza kilichokuwa kimesalimika. Flashi isuuzwe kwa maji safi yasiyo na chumvi, ikaushwe kivulini kwa siku kadhaa, ndipo ichomekwe. Diski kubwa ya kuzunguka haifunguliwi nyumbani. Hupelekwa kwa fundi, na kabla haijaachwa mezani kwake, mwenye diski amwandikie kwenye karatasi na kumtaka aitie saini: hakuna kufomati kabla mwenye mali hajaonyeshwa mafaili yake yakifunguka katika kompyuta nyingine.